Diski ya Robel Haikuharibiwa na Jicho la Mume Wangu

Yamesemwa msibani kabla hata turubai halijakunjwa, yamesemwa kwenye kahawa ya Etiye Bizunesh, na juzi nimeyasikia tena kutoka kwa mtu aliyevaa suti na tai: kwamba marehemu mume wangu, Ayalneh Wubshet, aliiharibu diski ya msumeno kwa kuitazama. Hakuigusa wala hakuipiga. Aliitazama tu, ikaacha kukata. Na kwamba jicho hilohilo ndilo lililomgeukia mwenyewe mwezi wa Hidar na kumuua.

Nimefundisha fizikia kwa miaka thelathini na mmoja katika shule ya sekondari ya mtaa huu, hapa Addis Ababa, nyuma ya soko la mbao. Baadhi ya wanaosema maneno hayo niliwafundisha mwenyewe. Yule wa suti na tai alikaa dawati la mbele. Naona sasa kwamba nilipoteza chaki.

Wasifu uliosomwa kanisani siku tulipomzika uliandikwa na kamati ya chama chetu cha kuzikana, bila kuniuliza. Ulisema marehemu alikuwa mtu wa Gojjam "aliyejishughulisha na kazi mbalimbali za ufundi". Kazi mbalimbali, utadhani alishona viatu asubuhi na kufuga kuku jioni. Mume wangu alifanya kazi moja, kukata zege, kwa miaka ishirini na saba, na hakuna mtu katika mtaa huu aliyeifahamu kazi yoyote kama yeye alivyoifahamu ile. Kwa hiyo naandika mwenyewe.

Nianze na lile ambalo kamati ililiogopa. Babu yake Ayalneh alikuwa mhunzi. Alifua majembe ya plau, mundu na visu katika kijiji ambacho watu walimjia mchana na jembe lililovunjika, wakalima kwa jembe lake, wakala nafaka iliyotokana na jembe lake, kisha jioni wakawakataza watoto wao kupita karibu na nyumba yake. Walimwita buda, mtu wa jicho baya, anayemla mwenzake kwa kumtazama. Walimwita hivyo kwa sababu alijua kufanya kitu wasichokijua. Mimi ni binti wa hakimu. Baba yangu alikataa ndoa yetu kwa miezi minane, na katika miezi hiyo niliwauliza ndugu zangu wote swali moja: yuko nani kati yenu ambaye babu yake aliwahi kutengeneza kitu? Wa kwetu walikuwa mahodari wa kupiga mihuri.

Nilikutana na Ayalneh alipokuja kukata mlango katika ukuta wa maabara yetu. Nilitarajia kelele. Alitumia nusu saa bila kuwasha chochote. Aligonga ukuta kwa nyundo ndogo, sikio likiwa karibu. Akavunja ncha ya pembe moja na kutazama kokoto zilizokuwa ndani. Akaparuza kwa msumari. Akapanda ngazi kuangalia kilichokuwa juu. Nilimuuliza kama amepotea. Akanijibu kwamba kabla ya kuchagua msumeno anataka majibu matatu: ninakata kitu gani, kina unene gani, na nikishakata, nini kitabaki kimesimama. "Wengi wanaanza na la nne, Mwalimu," alisema. "La nne ni msumeno upi uko dukani." Nilimpenda hapohapo, na sioni aibu kuliandika.

Sasa lango.

Kanisa letu lina lango la zamani, la nguzo mbili nene na mkanda wa zege juu yake, na juu ya mkanda kuna chumba kidogo cha kengele. Lilijengwa na watu waliojua kupima. Miaka kumi na mitatu iliyopita barabara ya mbele iliinuliwa, na kamati ya ujenzi ya kanisa, chini ya mwenyekiti wake Ato Shimelis, karani mstaafu wa idara ya magari, ikaona aibu kwamba ua wa kanisa uko chini kuliko barabara. Wakajaza kifusi langoni na kumwaga jamvi la zege juu yake, lilingane na lami. Walisifiana sana siku ile. Hakuna hata mmoja aliyetazama juu.

Ilipofika Timkat, sikukuu ya ubatizo wa Kristo, wakagundua. Tabot, kibao kitakatifu cha kanisa, hubebwa kichwani mwa kasisi, limefunikwa hariri, na mwavuli mkubwa wa dhahabu huinuliwa juu yake. Mwaka ule ilibidi mwavuli ufungwe langoni, na kasisi wetu, Abba Welde-Tensae, akapita amekunja magoti kama mtu anayetafuta pete iliyoanguka. Wanawake walilia. Tabot haliinamishwi mbele ya mfalme, nasi tukaliinamisha mbele ya zege la Ato Shimelis.

Mwaka uliofuata kamati iliahidi mbele ya waumini wote kwamba lango litafunguliwa kabla ya mkesha wa Timkat. Ayalneh alijitolea. Ato Shimelis akamshukuru, akasema hakuna haja ya kumsumbua mtu mzima, kwa kuwa mpwa wake Robel amerudi kutoka Uarabuni na mashine ya kisasa. Robel alikuwa kijana wa miaka ishirini na minane mwenye miwani ya jua. Mashine ilikuwa msumeno wa petroli wa kushika kwa mikono. Ni chombo kizuri kwa kazi yake. Kazi yake haikuwa ile.

Siku nne kabla ya mkesha Ayalneh alipita langoni akamkuta Robel ameweka ngazi, anachora mstari wa chaki kwenye mkanda. Walikuwa wameamua kuukata mkanda. Mume wangu alinisimulia mazungumzo hayo mara nyingi, na Abba, aliyekuwapo, ameniambia ni sahihi.

"Mwanangu, diski yako ni inchi ngapi?"

"Kumi na nne, Gashe," alijibu, kama tunavyomwita mtu mzima.

"Inazama ngapi?"

"Si nimekwambia, kumi na nne."

"Inazama tano. Katikati kuna mhimili na vifuniko vya chuma, havipiti kwenye zege. Mkanda huu una unene wa inchi kumi na sita. Utakata tano upande huu, tano upande ule. Zinabaki sita. Na juu ya hizo sita kuna nini?"

Robel alivua miwani akatazama juu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukiona chumba cha kengele.

Ayalneh aliwaeleza pale pale kwamba mkanda wa kubeba mzigo haukatwi kwa sababu mtu ana haraka. Kama ni lazima, hukatwa kwa msumeno unaofungwa kwenye reli ukutani, baada ya kuweka nguzo za kushikilia kilicho juu. Lakini si lazima. Chini ndiko kulikopanda, si juu kulikoshuka. Kateni jamvi, ondoeni kifusi, teremsheni njia kutoka barabarani mpaka pale ilipokuwa zamani, na mchimbe mfereji wa maji ya masika. Abba akasema hayo ni maneno ya mtu mwenye macho. Ato Shimelis hakupenda, kwa sababu jamvi lilikuwa lake, lakini aliogopa kengele, akakubali. Akaongeza kwamba Robel ndiye atakayekata.

Siku ya pili yake Robel alikwenda soko la Merkato na kununua diski. Alinunua ya bei kubwa kuliko zote, nyekundu, yenye picha ya simba. Muuzaji alimwambia ni ngumu kuliko zote na inakata kila kitu. Kitu kinachofanya kila kazi ni cha kumuuzia mtu asiyejua kazi yoyote. Robel alisikia neno "ngumu" akaridhika: zege gumu, diski ngumu. Hata mwanafunzi wangu wa dawati la mbele angejibu hivyo.

Ni kinyume chake. Nieleze mara moja, taratibu, kwa wale waliokuwa wanasinzia. Diski hii haina meno kama ya msumeno wa mbao. Ukingoni ina vipande vya chuma, na ndani ya chuma mna chembe za almasi. Almasi ndizo zinazokata. Zikichakaa, chuma kinachozishika kinapaswa kulika ili zilizo chini yake zitokeze. Sasa, lami na zege bichi lenye mchanga mkali hukisugua chuma hicho sana, kwa hiyo chuma lazima kiwe kigumu, kisiishe kwa saa moja. Lakini zege lililokomaa, lenye kokoto za yale mawe meusi ya milima yetu, ni gumu na haliparuzi. Chuma kigumu hakiliki juu yake. Almasi za juu zinakuwa butu, za chini zimefungiwa ndani, na ukingo wa diski unang'aa kama sahani. Kwa zege gumu unataka chuma laini, kinachokubali kulika. Mume wangu hakumaliza darasa la nane, na alilijua hili kwa vidole.

Jamvi la Ato Shimelis lilikuwa limejaa kokoto nyeusi. Alikuwa amejisifu kwamba alichagua nzuri kuliko zote, na hapo alisema kweli.

Asubuhi, siku mbili kabla ya mkesha, Ayalneh alikuwa akienda kazini kwake akasimama langoni, mikono nyuma. Robel alikuwa amekwisha kukata kama hatua moja, na ilikuwa safi. Kisha sauti ikabadilika. Diski inayokata hutoa sauti ya mtu anayetafuna shayiri za kukaanga. Hii ilianza kupiga mluzi. Robel akagandamiza. Ikatoa moshi. Akagandamiza zaidi, msumeno ukamrukia, akauzima na kutukana kwa Kiarabu.

Etiye Bizunesh, anayeuza mishumaa langoni, alikuwa akila shayiri zake kutoka kwenye kikapu. Alimwona Ayalneh amesimama. Akavuta shuka lake jeupe akakifunika kikapu. Wanawake wawili waliokuwa karibu naye wakafunika midomo. Mmoja akasema, si kwa sauti ya chini, "Alikuwa anatazama."

Ato Shimelis akageuka. Mbele yake palikuwa na jamvi alilolimwaga mwenyewe, diski aliyoinunua mpwa wake, na ahadi aliyoitoa kwa waumini. Akatafuta mtu mwingine wa kubeba lawama, akampata.

"Ato Ayalneh," alisema, "ukoo wa wahunzi usisimame karibu na chuma cha watu. Nenda zako, tafadhali."

Mume wangu alikwenda zake. Hakwenda kazini. Alirudi nyumbani akakaa jikoni, akanieleza. Nilikasirika kiasi cha kuvunja kikombe. Nilimwambia awaache wahangaike na zege lao, na siku ya mkesha waombe radhi wenyewe. Akatikisa kichwa. "Lango lisipofunguka kesho kutwa," alisema, "hawatasema Robel hakujua kuchagua. Watasema ni mimi. Na mtoto anayezaliwa leo mtaani hapa atakua akiambiwa hivyo."

Hilo ndilo lililokuwa mezani. Si jamvi wala mashine. Miaka kumi alikuwa amekaa mtaa huu bila mtu kufunika sahani mbele yake, na ilitosha diski moja.

Mchana huo, Ayalneh akiwa jikoni kwangu, kamati ilipata dawa. Mabomba yalikuwa makavu, kwani mtaa wetu hupata maji mara mbili kwa juma, na Robel alikuwa anakata bila maji. Ato Shimelis akaenda kwenye nyumba ya maji ya baraka nyuma ya kanisa, na bila kumwomba Abba, ambaye alikuwa uwanjani akiandaa bwawa la ubatizo, akachukua madumu manne. Wakamwagia diski ili jicho litoke. Mtu mzima, mwenye pensheni, alisimama na dumu akimwagia chuma kinachozunguka, huku wengine wakiimba. Mimi ni Mkristo na maji yale nimeyanywa kwa imani nilipougua. Sikuyanywa ili yanifundishe kuchagua diski. Maji hupoza diski na kuondoa vumbi, hayabadilishi chuma kilichomo. Diski iliendelea kuteleza, safari hii ikiwa imelowa, na Robel akawa amelowa, na kwa kuwa maji ya baraka hayawezi kushindwa, watu wakahitimisha kwamba jicho la Ayalneh lina nguvu kuliko walivyodhani.

Kesho yake asubuhi, siku moja kabla ya mkesha, Ayalneh aliupakia msumeno wake kwenye pikapu ya kukodi. Ulikuwa msumeno wa sakafu, wa kusukuma kwa magurudumu, wenye diski ya inchi kumi na nane na tangi la maji. Aliununua mkuukuu na kuutunza kuliko alivyowahi kututunza sisi. Alipakia pia mapipa mawili ya maji aliyonunua kwenye lori la maji, na tofali moja jekundu la jivu la volkano, lile jepesi lenye matundu linalojengea kuta za ndani. Nikamuuliza tofali la nini. Akasema la kusafisha jina. Nilivaa viatu vyangu vya shule nikapanda mbele. Sikuwa nimealikwa.

Kamati ilikuwapo yote. Abba alikuwa amerudi, amepata habari ya madumu yake, na uso wake haukuwa wa sikukuu. Nilitarajia Ayalneh ashushe msumeno wake, akate jamvi, tuondoke. Badala yake alimwomba Robel diski yake, ile ile. Akapitisha kidole ukingoni, akampa Abba naye apitishe. Kisha akamrudishia Robel.

"Ifunge kwenye msumeno wako. Utakata mwenyewe. Mimi sigusi."

Ato Shimelis akauliza ni mchezo gani huu, na muda hakuna.

"Nisipogusa, na nisipotazama, utaridhika?" Ayalneh alisema, akageuka. Akasimama uso ukielekea ukuta wa kanisa, pua karibu na mawe, kama mtoto aliyeadhibiwa darasani. Nimeona vituko vingi katika maisha yangu, lakini kumwona mume wangu amesimama vile mbele ya watu wale kulinichoma. Yeye alikuwa ametulia.

Akiwa ameupa umati mgongo, alimwambia Robel aweke tofali jekundu chini, apige maji, alikate mara kumi, bila kugandamiza. Robel akakata. Tofali lile ni laini na linaparuza kama msasa. Maji yaliyotoka yalikuwa mekundu, kisha yakaanza kuwa ya kijivu, maana chuma kilikuwa kinalika. "Sasa jamvi," Ayalneh aliuambia ukuta.

Robel akashusha diski kwenye zege. Ikaanza kutafuna.

Ilitafuna kama hatua mbili. Kisha mluzi ukarudi. Robel akazima msumeno, na kila mtu akatazama mgongo wa Ayalneh.

"Imeng'aa tena?" aliuliza.

"Imeng'aa, Gashe," Robel alisema kwa sauti ndogo. Wakati huo nilianza kumpenda kidogo yule kijana.

"Etiye Bizunesh, upo?"

"Nipo," alijibu mama wa mishumaa, na hakufurahi kuitwa.

"Jiwe lako la kusagia likiwa laini, unafanya nini?"

"Naligonga. Nalitia meno."

"Kwa nini?"

"Si halisagi tena? Unga unatoka punje." Alijibu kwa ukali, kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto.

"Na nani huwa amelitazama?"

Bizunesh akaanza kupanga mishumaa yake upya. Mtu mmoja nyuma akacheka, na Abba akageuka kumtafuta, lakini nadhani hakumtafuta sana. Kila mwanamke pale alikuwa amewahi kuligonga jiwe lake la kusagia, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumlaumu jirani kwa kulilainisha. Elimu waliyohitaji ilikuwa jikoni mwao muda wote.

Ndipo mume wangu akageuka. Akamwambia Robel kwamba diski yake si mbovu, aiweke, siku moja atapata kazi ya lami na itamtumikia. Akafunga ya kwake, iliyochakaa, isiyo na picha ya simba wala ya paka. Akajaza tangi. Hakuzama mara moja hadi chini kama wanavyofanya wenye haraka. Alipita kwanza kina cha vidole viwili ili mstari unyooke, akarudi, akazama zaidi, akarudi tena mpaka chini, akivuka nondo bila msumeno kushtuka. Alilikata jamvi lote vipande vya mraba vya kuinuliwa na watu wanne. Robel alishika bomba la maji tangu mwanzo hadi mwisho, na alikuwa anauliza maswali. Vijana wa kanisa walichimba kifusi mpaka jioni, wakaendelea asubuhi.

Alasiri ya mkesha tabot lilitoka. Abba alipita langoni amenyooka, mwavuli umefunguliwa, na kati ya ncha ya mwavuli na mkanda palibaki nafasi ya mkono mzima. Kengele zilikuwa mahali pake.

Ningependa kusema mambo yaliishia hapo, lakini mtaa huu nimeueleza ulivyo. Siku ya tatu, tabot liliporudi na waumini wakaketi kula katika ukumbi wa kanisa, Ato Shimelis alisimama na kuwashukuru wote, kisha akasema kwamba maji ya baraka hufanya kazi kwa wakati wake, si wakati wetu, na kwamba jicho lililokuwa limezuia kazi lilivunjwa siku ya pili. Watu wakaitikia. Watu haohao. Na nilimwona mwanamke aliyekuwa mbele yetu akivuta sinia lake karibu na kifua.

Ayalneh akanawa mikono tena. Akachana injera, akaijaza nyama, akaikunja tonge moja kubwa la heshima, lile tunalomlisha mtu tunayempenda. Akanyanyuka nalo, akatembea katikati ya ukumbi mpaka kwa Ato Shimelis, akalipeleka mdomoni pake.

Kulikataa tonge la mkononi ni tusi ambalo halifutiki. Kulila kutoka mkono wa buda, kwa imani ya Ato Shimelis mwenyewe, ni kifo. Alikuwa na mambo mawili ya kuchagua, na kila mmoja aliona anachagua.

"Tumbo langu leo," alianza.

"Ato Shimelis," mume wangu alisema, "mkono unachoka."

Abba aliacha kutafuna. Mafuta yakadondoka sakafuni. Ato Shimelis alifungua mdomo. Alikula. Na kwa kuwa desturi yetu hairuhusu kuishia tonge moja, Ayalneh akakunja la pili, kisha la tatu, akisubiri kila moja limezwe. Hakuna sahani iliyobaki imefunikwa baada ya hapo. Wengine waliona haya kufunika, wengine walikuwa wanasubiri kuona kama mwenyekiti ataanguka.

Hakuanguka. Imepita miaka kumi na moja. Ato Shimelis yu hai, ana afya, na tumbo lake huingia mlangoni kabla yake. Aliyekufa ni mume wangu, na alikufa kwa mapafu. Kampuni iliyomfundisha kazi ujanani ilikuwa inawakatisha zege bila maji na bila barakoa, miaka sita, na vumbi lile halitoki. Daktari alinionyesha picha. Ilikuwa vumbi la mawe, mambo ya fizikia, hakuna cha jicho. Na Robel ndiye anayekata zege mtaani hapa leo, anagonga kwa nyundo na kuvunja pembe kabla ya kwenda dukani, na hakati bila maji. Akimtaja mume wangu humwita mwalimu wake, hata mjomba wake akiwapo.

Limebaki jambo moja, na ndilo ambalo wanawake wa kahawa hulizunguka kila wanaponiona. Baada ya tonge la tatu, Ato Shimelis alimshika mume wangu bega, akamwinamia, akamwambia maneno sikioni. Ukumbi mzima uliona. Ayalneh aliitikia kwa kichwa, akarudi kukaa, akala. Nyumbani aliniambia maneno hayo yalivyokuwa, neno kwa neno. Ato Shimelis anajua kwamba ninayajua, na ndiyo maana akiniona huvuka barabara.

Mume wangu aliyapokea na kuyanyamazia miaka kumi na moja. Bizunesh ameniuliza, yule wa suti ameniuliza, hata ndugu zangu wameuliza. Nimewaambia habari ya diski, ya zege, na ya ukoo wa mume wangu. Hilo siwaambii, wala msije tena kuniuliza.